Kuhara Baada ya Kumeza Antibiotiki

 

Huenda hili umeliona nyumbani kwako. Nyanya ametoka hospitalini alikotibiwa nimonia. Kifua kimetulia, anakula vizuri. Baada ya siku chache anaanza kuhara maji, mara tatu, mara nne, na kufikia jioni hajui ni mara ngapi. Tumbo linamkata na mwili una joto. Nyinyi mnalaumu maharagwe ya jana. Mtoto anatumwa kwa kemisti akanunue tembe za kufunga tumbo. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ndani ya utumbo mpana huishi bakteria wengi wasiotudhuru. Wamejaza nafasi, na wabaya hawapati pa kukaa. Lakini antibiotiki haichagui. Inapomuua adui wa kifuani, inawafagia pia walinzi hawa wa tumboni. Ndipo hujitokeza bakteria aitwaye Klostridiamu difisile. Alielezwa mara ya kwanza mwaka wa 1935, akiwa kwenye choo cha watoto wachanga wenye afya, akaitwa difisile, yaani mgumu, kwa sababu ilikuwa kazi kumkuza katika maabara. Ilipofika mwaka wa 1978 ndipo ilijulikana kuwa yeye huleta ugonjwa huu.

Kinachoumiza hasa ni sumu mbili anazotoa, sumu A na sumu B. Huingia katika seli za ukuta wa utumbo na kuvunja kiunzi kinachozishikilia. Seli hulegea na kuachana, maji huvuja, ukuta huvimba na kufanya utando wa usaha. Sasa unaona kwa nini tembe za kufunga tumbo hazifai: zinaweza kuifungia sumu ndani.

Wanaoumia zaidi ni wazee na waliolazwa kwa muda mrefu. Watoto walio chini ya mwaka mmoja wengi humbeba bakteria huyu bila kuugua. Na usiogope kila harisho. Kuhara kidogo wakati wa kumeza antibiotiki ni kawaida, na mara nyingi huisha dawa zikiisha.

Mgonjwa akihara maji mara tatu au zaidi kwa siku, mpe maji ya ORS na umpeleke kituo cha afya. Beba pakiti ya dawa alizomeza, hata kama alizimaliza mwezi uliopita, maana ugonjwa huu huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. Daktari ndiye ataamua kama dawa ya kwanza isimamishwe. Anayemeza dawa za kifua kikuu au septrini ya kila siku asiache kwa uamuzi wake. Ukiona damu, tumbo kufura, au mgonjwa amelegea na hakojoi, usingoje asubuhi.

Nyumbani, jambo moja wengi hawalijui: bakteria huyu hujifunika kwa gamba gumu, na sanitaiza ya pombe haimuui. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila unapomsafisha mgonjwa. Choo na beseni visafishwe kwa jiki, ukifuata maelezo ya kwenye chupa.

Na ile chupa ya antibiotiki iliyobaki kabatini, usimpe mtoto kwa sababu ya mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiviui.