Kupasuliwa au Kuangaliwa: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuamua



Leo tunazungumzia swali linalomfika mgonjwa wa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, akishamaliza mionzi na dawa za saratani. Vipimo vikionesha kwamba uvimbe umetoweka, je, apasuliwe au aangaliwe?

Kwa desturi, upasuaji hufuata. Huondoa sehemu iliyokuwa na uvimbe, lakini ikiwa ilikuwa chini kabisa, mgonjwa huweza kubaki na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Mwaka 2004, daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili, na wenzake walichapisha matokeo mazuri ya wagonjwa ambao, baada ya uvimbe kutoweka, hawakupasuliwa bali waliangaliwa kwa karibu. Takwimu za nchi mbalimbali zilizochapishwa mwaka 2018 zilionesha kuwa, kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne, uvimbe ulirudi palepale ndani ya miaka 2. Ukionekana mapema, mara nyingi bado huweza kuondolewa.

Kwa hiyo, kuangaliwa si kuachwa. Katika miaka 2 ya kwanza, mgonjwa huhitaji kurudi takriban kila miezi 3 ili apimwe kwa kidole, kwa kamera na kwa MRI. Baadaye safari hupungua, lakini uangalizi huendelea hadi mwaka wa 5.

Tufanye hesabu. Kila miezi 3 kwa miaka 2 ni safari 8: kutoka Bariadi kupitia Lamadi hadi Bugando, Mwanza, au mbali zaidi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kila safari ina nauli, malazi, msindikizaji na vipimo. Msimu wa pamba haumngoji mgonjwa, na saratani haingoji pamba iuzwe.

Kabla ya kutia saini, tunashauri muulize:

1. Je, uvimbe umetoweka kabisa, au kuna masalia? Penye masalia, ushauri wa kawaida ni kupasuliwa.
2. Nikipasuliwa, nitabaki na mfuko? Wa muda au wa kudumu? Mifuko hupatikana wapi, kwa bei gani?
3. Nikiangaliwa, vipimo vitafanyika wapi na lini? Bima yangu italipia vipi?
4. Uvimbe ukirudi, nani atanipasua, na wapi?

Asiyeweza kuzimudu safari hizo aseme mapema. Kwake, upasuaji waweza kuwa njia salama zaidi, na hakuna aibu katika kuuchagua. Aliyechagua kuangaliwa asikose tarehe kwa sababu anajisikia mzima. Na akiona damu katika choo, asingoje tarehe, aende hospitali.

Kueleweshwa kabla ya kukubali tiba ni haki yenu. Idaini.