Simu na chakula cha jamaa



Wakristu wapenzi, katika somo la leo tufikiri juu ya saa ya chakula cha jioni. Mama amekwisha kusonga ugali, sombe iko tayari, wote wamenawa mikono, na baba ameanza ishara ya msalaba. Sala imekwisha, mara simu yalia. Baba ageuza macho, kijana naye atoa ya kwake mfukoni. Miili iko pamoja kwenye sahani moja, lakini mioyo imekwenda mbali.

Je, simu ni kitu kibaya? Hapana. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, na nchi yetu ya Kongo yatoa kobalti kupita nchi zote za dunia. Watu wetu waichimba huko Kolwezi kwa jasho jingi. Kwa simu mama asikia sauti ya mwanawe afanyaye kazi mbali, na mgonjwa aitiwa msaada usiku. Simu ni mtumishi mwema. Lakini mtumishi asiwatawale wenye nyumba.

Tuangalie hasara yake. Binti aliyetishwa na mtu njiani kwenda kisimani hawaitishi wazazi wake kikao. Atalisema jambo lake polepole, kati ya tonge na tonge, akiona kwamba mama amtazama. Akikuta macho yote yameinamia simu, atameza tonge na neno lake pamoja. Kesho atakwenda tena kisimani peke yake, na wazazi hawana habari.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alifundisha huko Roma tarehe 11 Novemba 2015 ya kwamba watu wa nyumba moja wasiosemezana mezani, bali hutazama televisheni au simu, si jamaa hasa. Wamekuwa kama wapangaji tu. Nasi twajua kwamba wanafunzi wawili wa Emausi walimtambua Bwana mezani, alipoumega mkate. Mezani ndipo watu hutambuana.

Basi, tufanyeje? Kabla ya kunawa mikono, simu zote ziwekwe katika kikapu kimoja mbali na chakula, ya baba kwanza. Aliye na mgonjwa hospitalini awaambie wenzake mapema. Simu ikilia, aende kuijibu, kisha arudi na kuwapasha wote habari. Watoto hufuata mfano kuliko amri.

Ulizo: Wakati wa chakula tuwape nani macho na masikio yetu?

Jibu: Tuwape wale ambao Mungu ametuketisha nao kwenye sahani moja.

Tulishike neno hili juma zima. Mungu abariki chakula chenu, nao wote watakaokila pamoja nanyi jioni hii.