Chumba cha Vitabu Kisigeuzwe Ghala

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa waenezi wetu katika mkutano wa wanachama, Kishapu)



Tumesimama hapa kwa niaba ya wale wanaojitolea katika chumba chetu cha vitabu. Hatukuja kutafuta sifa. Limetolewa shauri kwamba msimu huu wa pamba chumba hicho kifungwe, vitabu vitiwe katika magunia, na pamba iwekwe humo hadi magari yafike.

Shauri hilo lina sababu, wala hatuwadharau waliolitoa. Pamba ikinyeshewa imeharibika, na pamba ndiyo ada ya mtoto, ndiyo bati la nyumba. Sisi wenyewe tumekulia katika mashamba ya pamba. Lakini, ndugu zetu, kabla hatujavitoa vitabu ili kuingiza pamba, tukumbuke ni nini kilichomwokoa mkulima wa pamba wa nchi hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wazee wetu walikuwa wakipeleka pamba kwa wanunuzi, na mizani ikisema uongo. Aliyejua jambo hilo hakuweza kulithibitisha, maana hakujua kusoma namba. Ndipo wakulima wakaweka watu wao wenyewe, waliojua kusoma na kuandika, wasimame kando ya mizani na kuandika uzito wa kweli. Kutoka hapo vikakua vyama vya wakulima, ambavyo ndugu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la VFCU. Kalamu ndiyo iliyoitetea pamba. Leo tukiifukuza kalamu ili pamba ipate mahali pa kulala, nani ataitetea kesho penye mizani?

Jambo la pili. Mwaka 1967, katika kila watu wazima kumi wa Tanzania Bara, zaidi ya sita hawakujua kusoma. Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianza mpango wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Mkulima alijifunza herufi kwa habari za kazi yake mwenyewe, na pamba ilikuwa mojawapo. Wengi waliofundisha walikuwa ni watu wa vijijini, waliojitolea kwa posho ndogo tu. Baadaye zikaja maktaba za vijijini, na gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtu aliyefunzwa kusoma akakosa cha kusoma, husahau. Kisima kisichotekwa hujaa matope.

Je, chumba chetu kinafanya nini? Alasiri wanakuja watoto ambao nyumbani hawana taa wala meza. Jumamosi wanakuja mama wa vikundi vya kuweka akiba, kujifunza kuandika daftari lao wenyewe ili wasimtegemee karani. Wazee huja kusomewa magazeti, na barua zenye mihuri wasizozielewa. Maktaba ya Mkoa iko Shinyanga mjini, nayo ni njema. Lakini mtoto wa Kishapu hawezi kulipa nauli kila anapotaka kufungua kitabu.

Tena tuseme makosa yetu, maana ndugu haogopi kusema kweli mbele ya ndugu. Wakati wa palizi tulifunga mlango majuma mawili, kila mmoja akidhani mwenzake amefungua. Tuliazimisha vitabu bila kuandika majina, na vingine havijarudi hata leo. Rafu ya chini tuliiweka juu ya udongo, mchwa wakala. Aliyesema kwamba chumba kinachofungwa mara kwa mara ni sawa na ghala tupu, alituchoma, lakini hakutusingizia.

Basi tunaleta mashauri matatu.

Kwanza, tujenge banda la pamba. Zamani katika Usukuma vijana wa kijiji walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale; akiita, wote hutoka kulima shamba la mwenzao. Sisi vijana tutakata miti na kuchimba mashimo, Jumamosi mbili. Tunaomba kila balozi wa nyumba kumi akusanye nyasi na kamba, na wenye maturubai watuazime kwa msimu mmoja.

Pili, iwekwe zamu ya chumba, majina yabandikwe mlangoni, na asiyefika aulizwe mbele ya mkutano, kuanzia sisi tunaosema hapa.

Tatu, kila aliye na kitabu cha chumba nyumbani akirudishe kabla ya Jumapili. Hataulizwa neno.

Kazi hii haiulizi kadi ya chama. Mwenye kadi na asiye na kadi, mtoto wake anasoma penye taa ile ile. Walioko madarakani hatuwaombi fedha leo. Tunaomba mlango usifungwe.

Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Tusidanganyike kwamba tutampiga umaskini kwa kumfungulia mlango ujinga.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tukutane penye chumba. Kila mtu aje na jembe au panga lake.