Mfungwa Mgonjwa wa Moyo: Kidonge Kiwe Upande Upi wa Mlango?

(Maandishi ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali, Mamba, Mkoa wa Katavi)



Mahakama inapompa mtu kifungo humwondolea uhuru wake. Haimhukumu kukosa dawa. Neno hili ni jepesi kulitamka barazani mchana, lakini hupimwa saa nane ya usiku, mlango wa selo ukiwa umepigwa kufuli, na ndani yake mtu mmoja ameshika kifua.

Maradhi yanayozungumzwa hapa huitwa anjaina. Moyo ni msuli, nao hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Mishipa hiyo ikisongwa na mafuta yaliyojijenga katika kuta zake, damu inayopita hutosha mtu anapokaa kitako, ila haitoshi anapolima, anapobeba gunia au anapopandwa na hasira. Hapo kifua hubana kama kilichokazwa kamba, na pengine maumivu hushuka mkono wa kushoto au hupanda hadi taya. Akipumzika dakika chache, hutulia. Maumivu yanapokuja kwa kazi ya kiasi kile kile, na kuondoka kwa mapumziko yale yale, mwezi baada ya mwezi, huitwa anjaina tulivu.

Hali hiyo Daktari William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake mjini London mwaka 1768. Mwaka 1879 Daktari William Murrell, katika mji huo huo, akaandika jinsi naitrogliserini inavyoituliza. Dawa hiyo basi si mageni. Imetumika zaidi ya miaka 140.

Wapo watakaosema kwamba maradhi ya moyo ni mambo ya Dar es Salaam, na kwamba mfungwa wa Katavi hana njia ya kufika huko. Ni kweli kwamba Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam, na wapo wagonjwa ambao lazima wafikishwe kwa mabingwa. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatia wagonjwa 5,179 katika nchi 37, ulionyesha kwamba kwa wengi wenye anjaina tulivu, kuwahi kuzibua mishipa au kufanya upasuaji hakukupunguza vifo kuliko kuanza na dawa na mwenendo mwema wa maisha, ingawa kuliwapunguzia maumivu zaidi wale waliokuwa nayo mara kwa mara. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tiba inaweza kutolewa katika zahanati ya gereza: aspirini kidogo kila siku, dawa ya kupunguza mafuta ya damu kama atovastatini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo kama atenololi, na kudhibiti shinikizo la damu na kisukari. Pamoja na hayo mgonjwa aache sigara kabisa. Mkoa wa Katavi hulima tumbaku na hupata fedha kwayo, lakini tumbaku hiyo hiyo ni adui mkubwa wa mishipa ya moyo, ndani ya gereza na nje yake.

Aidha, isidhaniwe kwamba mgonjwa wa namna hii atatoka kwa msamaha. Misamaha ya Rais imewahi kuwataja wafungwa walio katika hatua za mwisho za maradhi mazito, kama vile UKIMWI, kifua kikuu na saratani. Mwenye anjaina tulivu hayumo katika kundi hilo. Atakitumikia kifungo chake, na kwa hiyo hapana budi atunzwe humo humo.

Utunzaji huo hauanzii gerezani. Unaanzia hapa Mamba. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, akalala mahabusu hadi Jumatatu, na vidonge vyake vikabaki nyumbani chini ya mto, tayari yumo hatarini. Atenololi na dawa za jamii yake zikikatizwa ghafla, moyo huweza kuzidisha mapigo, na maradhi yaliyokuwa tulivu yakageuka kuwa shambulio. Kutoka Mamba hadi Mpanda ni safari ndefu, na njia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hapo si mahali pa kugundua kwamba mgonjwa hana dawa. Cheti chake cha matibabu na dawa zake zisafiri pamoja na hati yake ya kesi.

Jambo la pili ni kazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa tarehe 17 Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinataka afya ya mfungwa ipimwe na mganga kabla ya kupangiwa kazi. Mwenye anjaina hapaswi kuketishwa kutwa nzima kama kiwete. Kutembea na kazi nyepesi humfaa. Lakini kumpa jembe kwenye jua la saa saba, kisha kumwita mvivu anaposimama kushika kifua, ni kumtafutia kifo. Mganga aandike kiasi cha kazi, na nyapara na askari wakifahamu kiasi hicho. Kanuni hizo hizo zasema kwamba uamuzi wa tiba ni wa wahudumu wa afya peke yao, wala ofisa asiye wa tiba hawezi kuutengua.

Jambo la tatu ndilo zito: kile kidonge cha naitrogliserini. Hakimezwi, huwekwa chini ya ulimi, mgonjwa akiwa ameketi, maana huteremsha shinikizo la damu na aliyesimama huweza kuanguka. Maumivu yakiendelea baada ya dakika 5, hiyo ni dharura: mlango ufunguliwe, mganga aitwe, usafiri utafutwe. Ni dharura pia maumivu yanapomjia mtu akiwa amepumzika, au yanapozidi desturi yake. Dawa inayohesabiwa kwa dakika haiwezi kukaa kabatini zahanati, ambako ufunguo uko kwa mtu mmoja aliyelala nyumbani kwake.

Hofu ya askari si ya kupuuzwa. Vidonge huweza kuuzwa au kufichwa, na vidonge hivi huhifadhiwa katika kichupa cha kioo, mbali na joto na mwanga, ili visipoteze nguvu. Kioo ndani ya selo ni hatari. Lakini hofu ina dawa yake. Mganga amkadirie mfungwa, ampe idadi ndogo au dawa ya kupuliza, na iliyobaki ihesabiwe kila wiki. Magereza ya Uingereza na ya Marekani yanao utaratibu wa kumruhusu mfungwa aliyekadiriwa kukaa na dawa zake. Ikishindikana kabisa, basi dawa na ufunguo wa selo viwe karibu na askari wa zamu usiku kucha, na askari huyo awe amefundishwa la kufanya.

Ndugu walimu na watumishi, siku moja mfungwa huyo atarudi Mamba. Arudi na barua ya mganga na dawa za kumtosha mpaka afike kliniki. Mtendaji, mwalimu, karani wa mahakama na mhudumu wa afya kila mmoja anayo sehemu yake: kuuliza mapema kama aliyekamatwa ana maradhi, kuwaelekeza ndugu zake walete cheti, na kuhakikisha kimeandikwa na kupokewa. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya, na yaweza kuanza na mtu atakayekamatwa kesho.