Ukaribu wa Mgonjwa na Watu Wake



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya ukaribu. Uko ukaribu wa mume na mke, wa mzazi na mwana, wa rafiki na rafiki. Huo huzaliwa na mapenzi na miaka. Uko pia ukaribu wa mgonjwa na tabibu wake. Huo huanza baina ya watu wasiojuana, lakini papo hapo mmoja huvua nguo na kufunua siri. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Walakini afunuaye hutaka sitara, na kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 chalinda siri za mtu.

Tutazame kifua kikuu. Zamani wengi waliamini kwamba mgonjwa sharti atengwe na jamaa zake. Mwaka 1956, mjini Madras, Bara Hindi, matabibu walianza kulinganisha wagonjwa waliolazwa hospitalini na wengine waliotibiwa majumbani mwao, katika umaskini na msongamano. Taarifa zao zilionyesha kwamba dawa zilifaa karibu sawasawa pande zote mbili, na kwamba jamaa waliokaa na wagonjwa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko jamaa za wale waliolazwa. Hatari kubwa ni kabla ya dawa kuanza.

Hapo ndipo penye shida. Akohoaye na kuogopa maneno ya watu hujificha, na akijificha huweza kuwaambukiza wale awapendao. Tena, dawa za kawaida humezwa miezi 6. Nani atamtia moyo ila aliye karibu naye?

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, waendao kumtazama mgonjwa kwa niaba ya chama wawe wawili tu, aliowachagua mwenyewe. Pili, jina la maradhi lisiandikwe katika daftari letu. Barua ya kuthibitisha kwamba anatibiwa yatosha kumpatia msaada. Tatu, asiye na jamaa mjini apewe mwanachama wa kumsindikiza hospitali, naye angoje nje ya mlango mpaka aitwe.

Wazee wetu, kumkaribia mtu si kumpekua. Wako miongoni mwetu wanaohitaji msaada wa chama, nao hawauombi kwa kuogopa kuulizwa. Jambo hili twaliweka mikononi mwenu.