Mafunzo ya Amani kwa Watoto Wadogo wa Madrasa

Mada iliyotolewa kwa wazazi na walezi, Kambarage, Shinyanga

 

Ndugu Waislamu, mkoa wetu una jeraha tusilopenda kulitaja msikitini. Kuanzia mwaka 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa kama wanyama, kwa itikadi kwamba viungo vyao humpa mchimbaji dhahabu na mvuvi samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto wa miaka 14 wilayani Bukombe. Hapa hapa Shinyanga, shule ya Buhangija iligeuka kimbilio la watoto waliotengwa na wazazi wao ili wabaki hai. Tunawalaani wapiga ramli, na ni haki yao. Lakini aliyeshika panga naye alikuwa mtoto. Kabla ya panga palikuwa na jina la kejeli, akaliimba uwanjani na wenziwe, na watu wazima wakasikia, wakacheka.

Ndiyo maana tunasema somo la huruma halingoji mtoto ahitimu Juzuu Amma. Mtoto wa miaka minne anaweza kufundishwa kungoja zamu, kurudisha alichonyang'anya, na kusema "nimekasirika" badala ya kuuma. Mambo haya hufundishwa kama tunavyofundisha makharij, herufi moja moja, kwa kurudia na kwa subira.

Tazameni mwenendo wa Mtume (s.a.w.). Anas (r.a.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyefiwa na kijindege alichokuwa akikichezea. Mtume (s.a.w.), pamoja na mizigo yote ya umma, alimuuliza mtoto yule habari za kijindege chake, tena akimwita kwa kun-ya kama mtu mzima. Mwanachuoni wa Kishafi, Ibnul-Qass, alitunga risala nzima juu ya hadithi hii fupi, akatoa humo faida zipatazo sitini. Sisi leo tunachukua moja tu: huzuni ya mtoto ni jambo la kuulizwa. Wangapi kati yetu humwambia mtoto wa kiume anyamaze, mwanamume halii?

Twajua pingamizi litakalokuja. Tutatajiwa hadithi ya kumwamrisha mtoto swala akiwa na miaka saba na kumpiga akifika kumi. Hadithi hiyo ni hoja dhidi ya anayeitaja. Kati ya saba na kumi ipo miaka mitatu, na swala tano kila siku. Hesabuni, ni maamrisho zaidi ya elfu tano kwa ulimi kabla ya fimbo kutajwa. Basi anayempiga mtoto wa miaka mitano kwa kukosea "ba" na "ta" anategemea dalili gani? Ibn Khaldun, katika Muqaddimah, ameeleza kwamba ukali kwa wanafunzi, hasa wadogo, huwaondolea uchangamfu na kuwazoesha uongo na hila, kwani mtoto huonyesha lisilo moyoni ili auepuke mkono. Watoto wa namna hiyo tunawajua.

Wala hatuzungumzii ndoto. Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza kazi ya malezi ya awali ndani ya madrasa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wapo wanaosita kwa sababu ya tofauti za madhehebu. Sisi tunaitazama kazi: watoto walijifunza dini yao huku wakicheza kwa vifaa vilivyookotwa mitaani mwao, na akina mama wa mtaa wakafunzwa ualimu.

Nasi tunaomba darasa la peke yake kwa walio chini ya miaka saba, na mwalimu wa kike atakayelipwa posho na jamaa wa msikiti, maana mara nyingi tunawaombea walimu dua tu. Fimbo isiingie humo. Mtoto mwenye ualbino akija, aketi mstari wa mbele aone ubao, mbali na jua la dirishani. Vizibo vya soda, magunzi na vibuyu vidogo vya kuchezea viletwe Alhamisi, na majina ya watoto yaandikishwe baada ya swala ya Ijumaa, insha Allah.