Mteja Anapokosea
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imeniomba niseme jinsi kundi la watu kazini linavyoweza kubuni jambo jipya upesi soko linapogeuka. Mnajua mimi ni mtumishi wa serikali, sijapata kuuza hata andazi. Nadhani kamati ilikosa mwingine. Lakini jambo hili limenigusa, tena kwa aibu, na ndiyo sababu nikakubali.

Wa rika langu mtakumbuka Ijumaa pale langoni. Karo na pesa za matumizi zilikuja kwa basi, ndani ya bahasha, mkononi mwa utingo. Bahasha ikipotea, ulirudi nyumbani. Pesa za kutoka mjini kwenda kijijini nazo zilisafiri hivyo hivyo, au kwa hawala ya posta. Shida hii kila mtu aliijua. Ajabu ni kwamba walioitatua walianza kwa kutafuta jambo jingine.

Mwezi wa Oktoba 2005, kampuni za Safaricom na Vodafone zilianza jaribio dogo Nairobi na Thika. Kusudi lilikuwa mkopaji wa Faulu Kenya aache kubeba noti hadi mkutano wa kikundi chake, badala yake alipe deni kwa simu kupitia wakala. Wateja walikuwa kama 500 tu. Bi. Susie Lonie wa Vodafone, aliyelisimamia jaribio hilo, pamoja na wenzake, walikaa karibu na wateja hao, wakiwafundisha na kuwauliza.

Basi wateja wakaanza "kukosea". Wako walioweka pesa kwa wakala mjini, wakapanda gari mikono mitupu, wakazitoa mwisho wa safari, kwa kuogopa wezi njiani. Wako waliohifadhi humo mauzo ya jioni hadi asubuhi. Wengine wakatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, hata mmoja kumlipia mwenzake deni. Mpango wa mkopo haukuwa umetazamia hayo.

Hapo nataka mnisikilize vizuri. Mkubwa mwenye mpango wake mkononi angaliweza kusema: yazuieni hayo, siyo tuliyoyajia. Wao waliona kwamba kulipa mikopo kwa njia ile kulizaa hesabu ngumu, na kwamba watu walichopenda ni kutumiana pesa. Wakauweka mkopo kando. M-Pesa ilipozinduliwa kwa wote Machi 2007, wito wake ulikuwa mwepesi kabisa: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka mmoja kutimia, waliojiandikisha walikwisha pita milioni 1. (Ada zao nazinung'unikia kama ninyi, lakini hayo tutayasema kwenye chai.)

Sasa aibu yangu. Miaka michache iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilikuwa mmoja wa watu sita waliotengeneza njia ya wachuuzi wa soko moja kulipa ushuru wa kila siku kwa simu. Simu moja, kibanda kimoja: kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Wiki ya pili tukaona simu moja inalipia vibanda saba. Nikadhani ni ujanja, nikaagiza izuiwe. Kumbe kina mama wale walikuwa wakichanga sarafu alfajiri na kumpa mmoja wao alipe kwa niaba ya wote, kwa kuwa wengine simu zao huwaachia watoto nyumbani. Karani kijana aliyeshinda pale sokoni alikuja kuniambia siku ile ile. Nikamjibu aandike barua.

Barua ikapita meza nne. Kikao kilipoketi, miezi mitano baadaye, wachuuzi walikwisha rudi kwenye noti na risiti za karatasi, na wengine walikuwa wametozwa mara mbili. Mama mmoja muuza samaki alinionyesha risiti zake mbili za siku moja, akaniuliza ni ipi nitakayomrudishia. Sikuwa na fungu la kumrudishia. Nilimwomba radhi, naye akaendelea kupaa samaki wake.

Kanuni ile imefutwa. Karani yule sasa ana idhini ya kurekebisha mambo madogo siku hiyo hiyo, kisha ndipo anipe taarifa. Kuipata idhini hiyo kulinigharimu barua tatu, na mkubwa mmoja hanisalimu vizuri hadi leo.

Nimesikia kwamba vijana hapa mnaendesha duka lenu la shule. Mweka hazina wa duka, ukiwa humu ndani, baada ya chai naomba unionyeshe, ikiwa mnaliweka, daftari la vitu mnavyoulizwa na wenzenu na ambavyo hamna.